Kikomo cha Wati na Grafiki ya Ndani katika Kompyuta Mpakato za Leo

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo halionekani kwa macho na ambalo ni nadra kuandikwa kwenye boksi la bidhaa, nalo ni kiasi cha umeme ambacho prosesa ya kompyuta mpakato huruhusiwa kutumia, pamoja na namna kiasi hicho kinavyoamua uwezo wa ile sehemu ya prosesa inayochora picha kwenye skrini, sehemu ambayo katika mazungumzo haya itaitwa grafiki ya ndani.

Ni vyema hoja kuu itajwe tangu mwanzo ili isipotee njiani. Jina la prosesa lililobandikwa juu ya kompyuta halitoshi kumweleza mnunuzi kompyuta hiyo itafanya kazi kwa kasi gani, kwa sababu prosesa ile ile, ikiwekwa katika kompyuta mbili tofauti na kupewa vikomo viwili tofauti vya umeme, huweza kufanya kazi kana kwamba ni prosesa mbili zisizofanana, na tofauti hiyo hujitokeza waziwazi hasa pale grafiki inapotakiwa kufanya kazi nzito kwa muda mrefu.

Kwa nini jambo hili liletwe redioni? Kwa sababu mwanafunzi wa chuo, mwalimu, mhariri wa video za harusi na kijana anayejifunza kuchora ramani za majengo, wote huingia dukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, wakiwa wamebeba akiba ya miezi mingi na swali moja tu mdomoni: hii ni i5 au ni i7? Swali hilo si baya, lakini ni nusu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo inayoshughulikiwa hapa.

Nusu hiyo iliyobaki ni wati. Wati ni kipimo cha umeme unaotumika katika kila nukta ya wakati: taa ya kisasa ya chumba kimoja hutumia wati 9 au 10 hivi, ilhali pasi ya nguo hutumia zaidi ya 1,000. Prosesa za kompyuta mpakato nyembamba ziko karibu zaidi na taa kuliko pasi, kwani zinapofanya kazi mfululizo nyingi hupangiwa kati ya wati 6 na wati 28. Takriban umeme wote huo, baada ya kupita katika mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno zilizochongwa katika silikoni, huishia kuwa joto, na joto hilo ni lazima litoke nje kwa kasi ile ile ambayo umeme unaingia, la sivyo prosesa itazidi kupata moto hadi ilazimike kujipunguzia mwendo au kujizima.

Hapo ndipo penye sababu mbili za kuweka kikomo. Sababu ya kwanza ni betri, kwa kuwa betri ya kompyuta nyembamba mara nyingi hubeba takriban wati-saa 50, na maana yake ni kwamba prosesa inayotumia wati 15 bila kupumzika ingeimaliza kwa saa tatu na dakika 20, hata kabla ya kuhesabu skrini na vifaa vingine, na prosesa hiyo hiyo ikiachiwa wati 28 isingefikisha saa mbili. Sababu ya pili ni joto lenyewe: kompyuta nyembamba ina bomba moja au mawili ya shaba na feni ndogo, na nyingine haina feni kabisa, na juu ya hayo mtumiaji huiweka mapajani, hivyo ngozi ya kompyuta haiwezi kuachwa ifikie nyuzi ambazo prosesa yenyewe huzistahimili, ambazo kwa prosesa nyingi za leo hukaribia 100 za Selsiasi.

Kuna historia nyuma ya jambo hili, na inafaa iguswe kwa ufupi. Mwaka 1974 Robert Dennard wa kampuni ya IBM pamoja na wenzake walionyesha kwamba kadiri transista zinavyopunguzwa ukubwa, na volteji yake ikipunguzwa kwa uwiano ule ule, umeme unaotumika katika eneo moja la silikoni haubadiliki, na kwa hiyo kasi ingeweza kuongezwa kizazi baada ya kizazi bila kuongeza joto. Neema hiyo ilidumu kwa takriban miaka 30, kisha katikati ya muongo wa 2000 ikafika mwisho, kwa sababu volteji haikuweza tena kushushwa bila transista kuanza kuvujisha umeme hata zinapokuwa zimefungwa. Tangu wakati huo wahandisi wamekuwa na transista nyingi kuliko umeme wa kuziendesha zote kwa pamoja, na swali lao limebadilika kutoka "ni transista ngapi zinaweza kuwekwa?" kuwa "ni zipi zipewe umeme sasa hivi, na zipi zisubiri?"

Sasa msikilizaji anaweza kuuliza: je, kikomo cha wati ni kimoja au ni vingi? Ni vingi, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Katika prosesa za Intel vikomo viwili ndivyo vyenye uzito zaidi. Cha kwanza ni kikomo cha muda mrefu, yaani wati ambazo prosesa inaweza kuzitumia saa baada ya saa pasipo kuchoka, na cha pili ni kikomo cha muda mfupi, yaani wati ambazo inaweza kuzifikia kwa kitambo kidogo inapoitwa kufanya jambo la haraka. Prosesa hupiga hesabu ya wastani wa matumizi yake bila kukoma, na maadamu wastani huo haujagusa kikomo cha muda mrefu, huruhusiwa kupanda hadi kikomo cha muda mfupi. Wastani ukishagusa, hushushwa. Muda unaotumika katika hesabu hiyo, kwa kompyuta mpakato, mara nyingi huwekwa sekunde 28.

Mfano utaliweka jambo hili wazi. Prosesa ya Core i5-1235U, iliyotoka mwaka 2022 na kuwekwa katika kompyuta nyingi za bei ya kati, ina kikomo cha msingi cha wati 15 na kikomo cha juu cha wati 55. Mtumiaji akifungua ukurasa wa intaneti au akiwasha programu ya kuandikia barua, kazi hiyo huisha ndani ya sekunde moja au mbili, na katika sekunde hizo prosesa inaweza kupanda juu sana, kazi ikaonekana kumalizika papo hapo. Lakini mtumiaji huyo huyo akianza kuhifadhi video ya harusi, kazi ya dakika 40, basi nusu dakika ya mwanzo itakwenda kwa mbio na dakika 39 na nusu zilizobaki zitakwenda kwa mwendo wa wati 15. Vivyo hivyo, kipimo cha uwezo kinachomalizika kwa sekunde 20 huonyesha ile kasi ya mbio, wala hakisemi lolote juu ya mwendo wa safari nzima. Kwa hiyo, linaporudiwa swali la i5 au i7, ni sharti liongezwe la pili: ni kwa wati ngapi, na kwa muda gani?

Na ni nani anayeweka kikomo hicho? Hapa ni lazima ieleweke vizuri kwamba kampuni inayotengeneza prosesa hupendekeza tu, na kampuni inayounda kompyuta ndiyo inayoamua. Tangu Intel ilipotangaza mjini Taipei mwaka 2011 mpango wa kompyuta nyembamba uliopewa jina la Ultrabook, prosesa za kundi hilo zimezoeleka kutajwa kwa wati 17 na baadaye wati 15, lakini muundaji wa kompyuta ana ruhusa ya kupandisha kiwango hicho ikiwa ameweka feni nzuri, au kukishusha ikiwa ametaka kompyuta iwe nyembamba na isiyo na kelele. Hata Apple, ambayo hutengeneza prosesa na kompyuta kwa pamoja, imetoa ushahidi wa wazi wa jambo hili: mwezi Novemba mwaka 2020 iliweka chipu moja ya M1 katika MacBook Air isiyo na feni na katika MacBook Pro ya inchi 13 yenye feni, na kompyuta hizo mbili zikawa karibu sawa katika kazi fupi, ilhali katika kazi ndefu ile isiyo na feni ilianza kupunguza mwendo na mwenziwe ikaendelea. Chipu ilikuwa moja, na kilichotofautiana ni uwezo wa kutoa joto.

Hadi hapa prosesa imezungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja, na sasa inafaa ifunguliwe ndani. Ndani yake mna viini, ambavyo hufanya hesabu za kawaida za programu moja baada ya nyingine, na mna grafiki, ambayo hufanya hesabu nyingi ndogo zinazofanana kwa wakati mmoja, kwa mfano kutafuta rangi ya kila nukta ya picha. Zamani sehemu hizi mbili zilikaa mbalimbali. Mwaka 1999 Intel iliiweka grafiki katika chipu za familia ya 810 zilizokuwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Mwanzoni mwa mwaka 2010 ikaisogeza hadi ndani ya kifurushi kimoja na prosesa. Na mwezi Januari mwaka 2011, katika kizazi kilichoitwa Sandy Bridge, viini na grafiki vikachongwa katika kipande kimoja cha silikoni. AMD, ambayo ilikuwa imeinunua kampuni ya grafiki ya ATI ya Kanada mwaka 2006, ilifika hapo hapo mwaka huo huo wa 2011. Faida ilikuwa kubwa, kwa maana kompyuta zilizidi kuwa nafuu, nyembamba na zenye kudumu na chaji, na mamilioni ya watu wakaanza kutazama video safi bila kununua kadi ya grafiki ya kujitegemea.

Lakini kuanzia siku hiyo viini na grafiki vikawa vinakula sinia moja. Wati 15 zilizotengwa kwa prosesa ni za wote wawili pamoja, na kila wati inayochukuliwa na viini ni wati ambayo grafiki haitaipata, na kinyume chake. Kompyuta yenye kadi ya grafiki ya kujitegemea huwa na masinia mawili: kadi ya GeForce RTX 4060 ya kompyuta mpakato, kwa mfano, hupangiwa wati zake yenyewe, kuanzia 35 hadi 115 kwa kutegemea muundaji, mbali na zile za prosesa. Grafiki ya ndani haina anasa hiyo. Inapochora mchezo au ramani ya jengo, huwa inagawana na jirani yake, na kuna programu ndogo ndani ya prosesa inayoamua, mara nyingi sana katika kila sekunde, nani aongezewe na nani apunguziwe.

Mgawanyo huo una matokeo ambayo kwa mara ya kwanza humshangaza msikilizaji. Mtu anaweza kudhani kwamba viini vikiachiwa vikimbie kadiri vinavyotaka, mchezo utakwenda vizuri zaidi, kumbe katika kompyuta ya wati 15 mara nyingi hali huwa kinyume: viini vinapopanda hadi kasi yao ya juu kabisa kwa kazi ambayo haikuhitaji kasi hiyo, huvuta wati ambazo grafiki ilizihitaji, na picha huanza kukwama. Kwa sababu hiyo wapo watumiaji wanaozuia viini visipande sana, na grafiki yao hupata nafuu. Jambo hilo lina mantiki yake katika fizikia. Umeme unaotumiwa na transista hupanda sambamba na kasi yake, lakini hupanda pia kwa mraba wa volteji, na kwa kuwa kasi kubwa hudai volteji kubwa, sehemu ya mwisho ya kasi ndiyo ghali kuliko zote: kuongeza kasi kidogo kileleni kunaweza kugharimu wati nyingi kuliko zilizotumika kufikia nusu ya mlima. Grafiki, ambayo kazi yake hugawanyika kwa urahisi kati ya vitengo vingi, hupenda njia nyingine, yaani kuwa na vitengo vingi vinavyokwenda polepole kwa volteji ndogo, badala ya vichache vinavyokimbia.

Prosesa mpya za wati chache zinaweza kueleweka vyema kwa mwanga huo. Mwezi Septemba mwaka 2024, mjini Berlin, Intel ilizindua familia ya Core Ultra 200V, iliyojulikana karakanani kwa jina la Lunar Lake, ambayo nyingi ya prosesa zake zina kikomo cha msingi cha wati 17 na cha juu cha wati 37. Wahandisi walipunguza viini hadi vinane, nusu vikubwa na nusu vidogo, wakaacha ule utaratibu wa kukifanya kiini kimoja kibebe kazi mbili kwa wakati mmoja, wakaweka kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ndani ya kifurushi cha prosesa, na wakatoa nafasi kubwa kwa grafiki yenye vitengo vinane vya kizazi kipya, iitwayo Arc 140V. Miezi michache kabla, AMD ilikuwa imetoa Ryzen AI 300, ambayo toleo lake maarufu, HX 370, lina viini 12 na grafiki ya Radeon 890M yenye vitengo 16, na linaruhusiwa kupangiwa popote kati ya wati 15 na wati 54.

Ni ipi bora? Jibu la haki ni kwamba swali hilo halina jibu mpaka wati zitajwe. Vitengo 16 vya AMD vikipewa wati za kutosha huonyesha nguvu zake, lakini vikibanwa kwenye wati 15, huku viini 12 navyo vikidai fungu lao, hukosa umeme wa kuvilisha vyote, na katika wati hizo za chini wapimaji wengi wa michezo wameikuta Arc 140V ikisimama sawa na mwenziwe au kumpita. Litazamwe tena lile fungu la wati 15 hadi 54: juu ni zaidi ya mara tatu ya chini, na jina linaloandikwa kwenye kibandiko ni lile lile. Huko ndiko kuliko kiini cha tatizo linalojadiliwa leo, na ni tatizo la uaminifu wa biashara zaidi kuliko la uhandisi, kwa sababu wahandisi wamefanya kazi ya kusifiwa.

Kwa kweli sifa hizo wanastahili. Steam Deck, mashine ndogo ya michezo iliyoanza kuuzwa mwezi Februari mwaka 2022, ilithibitisha kwamba chipu isiyozidi wati 15, yenye vitengo vinane tu vya grafiki, inaweza kuendesha michezo mikubwa ikiwa skrini yake haidai nukta nyingi kupita kiasi, na jambo linalopendeza zaidi ni kwamba mashine hiyo humpa mtumiaji mwenyewe kitufe cha kuchagua wati, akitaka betri idumu azishushe, akitaka kasi azipandishe. Mtumiaji hapo haachwi gizani. Ni jambo la kusikitisha kwamba kompyuta nyingi zenye bei kubwa kuliko hiyo humficha mwenye mali kitufe kama hicho.

Baada ya wati, sharti la pili la grafiki ya ndani ni kumbukumbu, nalo halipaswi kupitwa, maana hapa mnunuzi wa kawaida anaweza kujisaidia mwenyewe. Grafiki ya ndani haina RAM yake, bali huazima RAM ya kompyuta, na kasi yake hutegemea njia inayopitisha data kati yake na RAM hiyo. Kompyuta yenye kadi moja ya RAM aina ya DDR4 ya kiwango cha 3200 hupitisha takriban gigabaiti 25 kwa sekunde. Ikiongezwa kadi ya pili katika nafasi ya pili, njia huwa mbili na kiasi hufikia takriban gigabaiti 51. Na Lunar Lake, kwa RAM yake iliyo ndani ya kifurushi, hupitisha takriban gigabaiti 136. Grafiki yenye njia nyembamba hukaa ikisubiri data hata kama wati zipo. Intel yenyewe imeliweka jambo hili hadi katika majina, kwani katika kompyuta za kizazi cha 12 grafiki ambayo ingeitwa Iris Xe hujitambulisha kuwa UHD ikiwa RAM inapita njia moja tu. Kwa hiyo mwenye kompyuta yenye nafasi mbili za RAM na kadi moja tu ndani anaweza kuiongezea grafiki yake nguvu kwa gharama ndogo, pasipo kununua kompyuta nyingine. Kwa upande mwingine, RAM iliyofungwa ndani ya kifurushi haiongezeki kamwe, na anayenunua Lunar Lake yenye gigabaiti 16 ajue atabaki nazo hadi siku ya mwisho ya kompyuta hiyo, na kwamba grafiki nayo itazichota humo humo.

Lipo pia jambo la hali ya hewa, ambalo kwa wasikilizaji wa mwambao si dogo. Joto hutoka penye moto kwenda penye baridi, na kiasi kinachotoka hutegemea tofauti iliyopo kati ya prosesa na hewa ya chumbani. Kompyuta inayofanya kazi kwa wati zile zile katika chumba cha nyuzi 20 na kisha katika chumba cha nyuzi 32, kama ilivyo kawaida mchana wa Februari huko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, itakuwa na joto la ndani lililopanda kwa takriban nyuzi zile zile 12, na ikiwa tayari ilikuwa karibu na mpaka, itajipunguzia wati. Ongezea vumbi lililojaza feni, ongezea godoro au mto uliowekwa chini ya kompyuta na kuziba matundu ya hewa, na prosesa ya wati 15 inaweza kujikuta ikiishi kwa wati chini ya kumi. Kompyuta ya namna hiyo mara nyingi hupelekwa kwa fundi ikidaiwa kuwa na virusi, hali tatizo lake ni pumzi.

Je, basi, wati chache ni upungufu? La hasha, na msimamo huu unastahili kusisitizwa. Intel N100, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2023 ikiwa na kipimo cha wati 6 tu, viini vinne na grafiki ndogo, inatosha kwa kuandika, kusoma, kufanya mkutano wa video na kutazama masomo, kwa sababu ndani yake mna sakiti maalumu za kufungua video, zikiwemo za aina ya AV1 zinazotumiwa na YouTube, ambazo hufanya kazi hiyo kwa umeme kidogo sana bila kuvisumbua viini. Kwa shule inayotegemea sola, au nyumba ambayo umeme hukatika jioni, prosesa ya namna hiyo ina heshima kuliko ile ya wati 28 ambayo betri yake imekwisha kabla ya kipindi cha pili. Kosa si wati chache, kosa ni mtu kuuziwa wati chache kwa jina na bei ya wati nyingi, akagundua siku ya kwanza ya kazi nzito.

Mwenye kompyuta ambayo tayari iko nyumbani naye ana la kufanya. Akicheza mchezo au akichora, apunguze nukta za picha, kwani kushuka kutoka 1080 hadi 720 hupunguza nukta za kuchorwa hadi chini ya nusu. Azuie idadi ya picha kwa sekunde iwe 30 au 40 thabiti, badala ya kuiacha ipande na kushuka. Aangalie katika mipangilio ya Windows ikiwa hali ya umeme imewekwa kwenye kubana matumizi ilhali kompyuta iko kwenye chaja. Na asafishe feni. Hayo hayaondoi kikomo, lakini hufanya wati zilizopo ziende mahali panapohitajika.

Na anayekwenda kununua aulize nini? Aulize wati za muda mrefu, si za muda mfupi. Aulize kama kuna feni. Aulize kama RAM inapita njia moja au mbili, na kama inaongezeka. Kisha, ikiwa muuzaji ataruhusu, aiendeshe kazi nzito moja kwa robo saa na kutazama kama kasi inabaki ilivyoanza, kwa sababu dakika ya 15 husema ukweli ambao sekunde ya 15 haiwezi kuusema.

Lakini mzigo huu haufai kubebwa na mnunuzi peke yake, na hapa mazungumzo haya yanatoa wito. Mwaka 2021, baada ya malalamiko kwamba kadi zake za grafiki zenye jina moja zilikuwa zikiuzwa kwa wati zinazotofautiana mno bila mnunuzi kuambiwa, Nvidia iliwataka waundaji wa kompyuta waziandike wati hizo kwenye kurasa za bidhaa zao. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, kwa kuwa limekwisha kufanyika. Linalotakiwa ni lifanyike pia kwa prosesa zenye grafiki ya ndani, ambazo ndizo watu wengi zaidi huzinunua na ambazo wanunuzi wake ndio wenye fedha kidogo zaidi za kupoteza. Kila muundaji wa kompyuta anazijua wati za muda mrefu alizoziweka, kwa kuwa aliziweka yeye mwenyewe; na aziandike kwenye boksi, karibu na jina la prosesa, kwa maandishi ya ukubwa ule ule, na wauzaji na mashirika ya viwango katika nchi zetu wamdai afanye hivyo.